Maswali na Majibu: Wakili, Msimamizi na Mwenye Mali

Katika safu iliyopita nililitafsiri neno la Kiingereza "stewardship" kwa neno moja tu, uwakili, kisha nikaendelea na mengine. Barua zilizofuata zimenionyesha kwamba nilipita haraka mno, kwa kuwa wapo waliodhani ninazungumzia mahakama, wapo waliodhani ninazungumzia sadaka, na yupo mmoja aliyeniambia bila kupepesa macho kwamba nimekosea kabisa. Leo ninazijibu barua hizo peke yake.

Usharikani kwetu tulitangaza semina ya uwakili, na kijana mmoja akauliza kama kanisa sasa linasomesha mawakili wa Mahakama Kuu. Watu walicheka, lakini mimi sikuwa na jibu la kumpa. Je, neno hili liliingia kanisani kwa makosa? (Mzee wa kanisa, Moshi)

Halikuingia kwa makosa, mzee wangu, ingawa kijana naye hakukosea kuuliza, kwa sababu kwa masikio ya leo wakili ni mtu wa joho jeusi na jalada la kesi. Neno la kanisani linatokana na Biblia ya Union Version, iliyokamilika mwaka 1952, na mahali linaposikika vizuri zaidi ni Luka sura ya 16, ambapo tajiri anamwita mtu aliyemkabidhi mali zake na kumwambia: "Toa hesabu ya uwakili wako, kwa kuwa huwezi kuwa wakili tena." Katika Kigiriki cha Agano Jipya mtu huyo anaitwa "oikonomos", neno lililoungwa kwa maneno mawili, moja la nyumba na jingine la kugawa na kupanga, na katika nyumba kubwa za wakati ule mara nyingi alikuwa mtumwa au mtumwa aliyeachwa huru, aliyeshika funguo za ghala, aliyewagawia wenzake posho na aliyeandika madeni.

Ukitaka kuona kwa nini watafsiri walichagua wakili, tazama anachokifanya mtu huyu baada ya kuambiwa kwamba kazi imekwisha. Anawaita wadeni wa bwana wake mmoja mmoja. Anayedaiwa vipimo 100 vya mafuta anaambiwa aketi upesi aandike 50, na anayedaiwa ngano 100 anaambiwa aandike 80. Mtu wa kawaida hawezi kulipunguza deni la mwingine kwa kalamu tu. Huyu anaweza kwa sababu neno lake ni neno la bwana wake, na mkono wake unapoandika ni kama mkono wa tajiri mwenyewe umeandika. Hiyo ndiyo maana ya asili ya wakili katika Kiswahili, yaani mtu uliyemkabidhi jambo lako alitende kwa niaba yako, na likitendeka likufunge wewe. Walii akishindwa kufika kwenye ndoa ya binti yake humweka wakili amwozeshee, na mtu huyo anaweza kuwa muuza samaki asiyewahi kuiona sheria hata kwa jalada. Mwanasheria wa mahakamani ni wakili kwa sababu hiyo hiyo, kwamba anasema kwa kinywa cha mteja wake. Bahati yake ni kwamba ameshika neno hilo kwa nguvu hata wengine wote tukasahau kwamba lilikuwa letu.

Biblia ya Habari Njema, iliyotafsiriwa upya baadaye kwa Kiswahili cha siku hizi, ilimwita mtu wa Luka 16 karani, bila shaka ili kuepa mkanganyiko huo huo uliowachekesha washarika wako. Kwa maoni yangu hapo tulipata wepesi tukapoteza uzito, kwa kuwa karani huandika alichoambiwa, lakini mtu huyu alikuwa na uwezo wa kuamua, na kosa lake lote limekaa katika uwezo huo. Kwa tangazo lijalo andika "uwakili wa Kikristo", na kijana akiuliza tena, msomee habari ya yale mafuta.

Shikamoo mwalimu. Mwalimu wetu wa Kiingereza alisema "steward" asili yake ni mchunga nguruwe, kwa sababu "sty" ni zizi la nguruwe. Ni kweli? (Mwanafunzi wa sekondari, Tanga)

Marahaba, mwanangu. Hadithi hiyo ni ya zamani na inapendwa, lakini haina ushahidi. Katika Kiingereza cha kale, kile kilichosemwa kabla Wanormani hawajaivamia Uingereza mwaka 1066, neno lilikuwa "stigweard" au "stiweard". Sehemu ya pili, "weard", ni mlinzi au mwangalizi, na haina ubishi. Sehemu ya kwanza, "stig", inaeleweka na wanaochunguza historia ya Kiingereza kuwa ni nyumba au sehemu ya nyumba, hasa ule ukumbi mkubwa ambamo bwana na watu wake walikula na kulala. Kwa hiyo "steward" wa kwanza ni mwangalizi wa ukumbi, mtu aliyehakikisha kwamba mezani kuna chakula na kwamba kila aliyeketi ameketi mahali pake. Hakuna andiko la kale linalomwonyesha akiwa na fimbo nyuma ya nguruwe.

Kwa kuwa unasoma lugha hiyo, nikupe ndugu yake mmoja wa tumbo moja. Neno "lord", yaani bwana, lilikuwa "hlafweard", na "hlaf" ni mkate, kwa hiyo bwana mkubwa wa Kiingereza, ukimvua majoho yake yote, ni mlinzi wa mkate. Bwana analinda mkate na msimamizi wake analinda ukumbi unaoliwa mkate huo. Kiambishi "-ship" kilichowekwa mwishoni mwa "stewardship" hufanya kazi ile ile inayofanywa na "u-" yetu mwanzoni: mwalimu na ualimu, rafiki na urafiki, wakili na uwakili. Kwanza kilikuwa ni cheo tu, yaani nafasi ya mtu huyo katika nyumba. Maana ya wajibu, ya kutunza kitu kwa niaba ya wengine, ilikuja juu yake baadaye, na Biblia za Kiingereza zina mchango mkubwa katika kulisukuma neno upande huo.

Rafiki yangu Mskoti anaitwa Stewart na anasema jina lake ni la kifalme. Mimi nimemwambia ni jina la mtumishi. Nani ameshinda? (Msomaji, Arusha)

Mmeshinda wote wawili. Katika karne ya 12 mfalme David wa Kwanza wa Uskoti alimpa Walter FitzAlan cheo cha usimamizi mkuu wa nyumba ya kifalme, na cheo hicho kikawa cha kurithiwa, baba kwa mwana, hata watu wakaacha kukiita cheo wakakiita jina. Mmoja wa wazao wake alimwoa Marjorie, binti wa mfalme Robert Bruce, na mtoto wao akatawazwa mwaka 1371 kwa jina la Robert wa Pili. Hivyo ukoo wa wasimamizi ukaingia katika kiti walichokuwa wakikisimamia. Tahajia ya "Stuart" ilienea kwa njia ya Ufaransa, ambako Malkia Mary wa Waskoti alikulia.

Kuna jambo moja hapa ambalo sijawahi kulimaliza kulicheka peke yangu. Mwaka 1603 James wa Sita wa Uskoti alirithi pia kiti cha Uingereza, na Biblia mashuhuri ya Kiingereza ya mwaka 1611 ilitolewa chini ya mamlaka yake. Katika Biblia hiyo tajiri wa Luka 16 anamwambia mtu wake atoe hesabu ya "stewardship" yake, na mfalme aliyewekwa jina lake mwanzoni mwa kitabu hicho alikuwa, kwa jina la ukoo wake, Bwana Msimamizi. Mwanawe Charles aliamini kwamba mfalme hawajibiki kwa mtu yeyote isipokuwa Mungu. Mwaka 1649 bunge lilimtaka hesabu kwa namna yake, na akakatwa kichwa.

Mbona kila mara "uwakili" ukitajwa kanisani mwisho wake ni bahasha za ahadi? (Msharika, Iringa)

Kwa sababu neno lilifika kwetu likiwa tayari limepunguzwa. Katika makanisa ya Kiprotestanti ya Amerika Kaskazini, tangu karne ya 19 na hasa mwanzoni mwa karne ya 20, makanisa hayakutegemea kodi ya serikali kama yale ya Ulaya, kwa hiyo viongozi wake walijenga mafundisho mapana ya utoaji na kuyaita kwa jina hili: mali yote ni ya Mungu, wewe umekabidhiwa tu, basi rudisha sehemu. Mafundisho hayo yalisafiri pamoja na vitabu na wamisionari, na leo kamati au idara za uwakili zipo katika makanisa kadhaa ya Afrika Mashariki, ya Kilutheri na ya Kisabato yakiwamo, na nyingi zimeshikamana na mfuko wa fedha.

Maandiko yenyewe ni mapana zaidi. Petro, katika waraka wake wa kwanza sura ya 4, anawaita waumini "mawakili wema wa neema mbalimbali za Mungu", naye hapo hazungumzii shilingi, anazungumzia karama ambazo kila mmoja amepewa awahudumie wenzake. Paulo anajiita wakili wa siri za Mungu. Jambo la kufurahisha ni kwamba katika Waefeso 3:2 Biblia ile ya Kiingereza ya 1611 ilitumia neno jingine kabisa, lakini Union Version yetu ilisema "uwakili wa neema ya Mungu", kwa hiyo msomaji wa Kiswahili anaona uzi mmoja ukipita mahali ambapo msomaji wa Kiingereza cha zamani hakuuona.

Mimi ni Muislamu. Naona unalipeleka neno wakili kanisani ilhali ni neno la Kiarabu, na kwetu Al-Wakil ni katika majina ya Mwenyezi Mungu. Isitoshe, tuna neno amana. Kwa nini usitumie hilo? (Msomaji, Mombasa)

Ndugu yangu, ni kweli kwamba neno ni la Kiarabu, na uzuri ni kwamba halikukaa mlango mmoja. Mzizi wake wa herufi tatu, waw, kaf na lam, una maana ya kumkabidhi mtu jambo na kumtegemea kwalo. Ndiyo maana Al-Wakil, katika yale majina mazuri 99, ni Mwenye kutegemewa, na Waislamu husoma katika sura ya Aal Imran, aya ya 173, kwamba Mwenyezi Mungu ni mbora wa kutegemewa. Humo humo mna tawakali, ambayo umeiona imepakwa rangi kwenye mashua na kwenye mabasi ya pwani. Vilevile mna wakala wa kutuma na kupokea fedha kwa simu, aliyeketi kwenye kibanda chake na daftari lililofungwa kalamu kwa uzi, ambaye fedha anazokupa si zako wala si zake mpaka hesabu za jioni zilingane. Na Kiswahili kikaongeza cha kwake: kutoka wakili tukaunda kuwakilisha, na kutoka kuwakilisha tukapata mwakilishi, hata Zanzibar tangu mwaka 1980 ina Baraza la Wawakilishi, ambamo kila mjumbe, kwa asili ya neno, ni mtu aliyekabidhiwa jambo la wengine.

Kuhusu amana, ninakubaliana nawe kwamba ni neno zito, na pengine ni zito kuliko uwakili, lakini halifanyi kazi ile ile. Amana ni kitu, wakili ni mtu. Nikikuachia cherehani yangu ninaposafiri, hiyo ni amana, na wajibu wako ni kunirudishia kama ulivyoipokea. Sura ya An-Nisaa, aya ya 58, inaamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe. Lakini nikikuachia cherehani pamoja na wateja, nikakwambia ushone, upokee fedha, ununue uzi na umlipe fundi, nimekufanya wakili, na nitakaporudi sitauliza tu kama cherehani ipo. Aliyeshika amana akifanya biashara nayo bila ruhusa amekosea. Wakili akiifungia kabatini bila kuifanyia kazi huenda naye amekosea. Wazo la binadamu kuwa khalifa katika ardhi, linalotajwa katika Al-Baqara aya ya 30, liko karibu zaidi na uwakili kwa sababu lina ndani yake kutenda, si kuhifadhi tu.

Hata hivyo maneno haya mawili hayagombani. Mwaminifu anatoka katika mzizi ule ule wa amana, na Paulo alipoandika kwamba kinachohitajiwa katika mawakili ni mtu aonekane kuwa mwaminifu, mtafsiri wa Kiswahili aliyaweka katika sentensi moja maneno mawili aliyoyapata kwa Waarabu. Huko Zanzibar ipo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na jina lake peke yake lingetosha kuandikiwa safu nzima.

Huku Oman, kijijini kwa babu yangu, mtu anayesimamia mfereji wa maji huitwa wakili. Naye ni "steward"? (Msomaji, Muscat)

Naam, na ninakushukuru, kwa kuwa sijapata mfano uliokamilika kuliko huo. Mifereji hiyo, inayoitwa aflaji, hutoa maji chini ya ardhi au kwenye mabonde na kuyapeleka kwa mteremko tu hadi mitendeni. Takribani 3,000 ingali ikitumika, na mitano kati yake iliwekwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Maji hayo hugawanywa kwa muda: kila mwenye haki ana zamu yake, na kwa vizazi zamu hizo zilipimwa kwa kivuli cha mti uliosimikwa wakati wa mchana na kwa nyota wakati wa usiku.

Wakili ndiye mkuu wa mfereji. Anaye arifu anayefuatilia zamu, anaye dalali anayezinadi zamu za maji zilizo mali ya mfereji wenyewe ili zipatikane fedha za kuuzibua na kuukarabati, na anaye mtu anayeitwa "amin al-daftar", yaani mwaminifu wa daftari. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa hata moja ya majina hayo. Yatazame jinsi yalivyopangana: mwenye uwezo wa kuamua hashiki daftari, na anayeshika daftari hauzi maji.

Ninafasiri ripoti ya mazingira na nyingine ya afya. Neno "stewardship" limo karibu kila ukurasa. Nitumie lipi kati ya uwakili, usimamizi, utunzaji na udhamini? (Mfasiri, Dar es Salaam)

Usitumie moja. Ninajua mteja anapenda kuona neno moja la Kiswahili kila palipo na neno moja la Kiingereza, lakini Kiingereza chenyewe kinalitumia neno hili kama gunia, na wewe ukilipokea gunia lazima ulifungue. Mimi hujiuliza maswali matatu: kitu kinachozungumziwa ni cha nani, anayekishika ana uwezo gani juu yake, na hesabu anampa nani. Kama majibu ya yote matatu yapo, una uwakili au udhamini. Kama lililopo ni la kati tu, yaani mtu ana uwezo lakini mwandishi hakusema mwenye mali ni nani, una usimamizi. Kama hakuna hata moja, na mwandishi anataka tu tuipende miti, andika utunzaji na uendelee na kazi yako.

Chukua ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, katika kifungu cha 8, inaitaka halmashauri ya kijiji isimamie ardhi ya kijiji kana kwamba ni mdhamini anayesimamia mali kwa niaba ya mnufaika, na wanufaika ni wanakijiji. Halmashauri haiwezi kugawa ardhi hiyo bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Hapo majibu yote matatu yapo, na kwa kuwa lugha ya sheria nchini kwetu imezoea mdhamini, andika udhamini, usimlazimishe msomaji wako akutane na wakili mahali ambapo atamtafuta mwanasheria. Nchini Kenya nako Katiba ya mwaka 2010 inaziweka serikali za kaunti katika nafasi kama hiyo kwa ardhi ya jamii ambayo bado haijasajiliwa.

Chukua msitu. Shirika la kimataifa la FSC, yaani Forest Stewardship Council, linalotoa vyeti kwa misitu inayosimamiwa vizuri na lililoanzishwa mwaka 1993, limeliweka neno hili katikati ya jina lake. Hiyo S ndiyo yenyewe. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi wilayani Kilwa vilipata cheti cha shirika hilo kwa misitu yao ya asili yenye mpingo, mti ambao Ulaya hugeuzwa zumari za aina ya klarineti na obo. Ukisoma kazi inayofanywa huko utaona ni ya mikono: mti unapimwa unene, unawekwa alama, unaandikwa, ndipo ukatwe, na fedha zinaingia kijijini. Kuuita utunzaji ni kuupunguza, kwa maana watu hawa wanakata miti, hawailindi tu. Hapo usimamizi ndio unaofaa, na ukiweza kuongeza "wa kuwajibika" hutakuwa umemwongezea mwandishi kitu ambacho hakukisema.

Kwa ripoti ya afya jambo ni jepesi zaidi. Wanapozungumzia antibayotiki wanakusudia kwamba daktari aandike dawa inayofaa, kwa kipimo kinachofaa na kwa siku zinazofaa, ili vimelea visizizoee, yaani kuzuia usugu wa vimelea dhidi ya dawa, ule ambao kampeni za afya nchini huuita UVIDA. "Usimamizi wa matumizi ya antibayotiki" unatosha. Ingawa ukinipa nafasi ya kutia neno langu, hapa ndipo ningetamani uwakili ungeeleweka, kwa sababu dawa anayoandikiwa mgonjwa wa leo bila sababu inachukuliwa katika mfuko wa mgonjwa wa kesho, ambaye hakuulizwa.

Nakuonya na neno moja tu: usiandike unyapara. Nimelikuta katika tafsiri moja. Nyapara alianza vizuri, akiwa kiongozi wa misafara ya Wanyamwezi, lakini akapita katika mashamba ya wakoloni na magereza, na leo hakuna asomaye jina hilo bila kuiona fimbo.

Na "steward" wa kwenye meli na ndege? (Msomaji, Kisumu)

Ni yule yule wa ukumbini, amepanda chombo. Alikuwa mtunza vyakula vya meli kwa karne kadhaa kabla ndege hazijaruka, na sisi tunamwita mhudumu.

Baba yetu alifariki, kaka mkubwa akateuliwa kuwa msimamizi wa mirathi. Sasa anasema nyumba ni yake kwa kuwa "mahakama imempa". Mimi najua msimamizi ni wa kushika tu. Nimwonyeshe nini? (Msomaji, Dodoma)

Pole sana kwa msiba, na kwa huo wa pili pia. Kabla ya sheria nikupe historia ya neno, maana inamhusu kaka yako. Kamusi za Kiswahili za karne ya 19 zinaonyesha kwamba katika mashamba ya pwani, yale ya mikarafuu na minazi, msimamizi alikuwa mkuu wa kazi, chini yake kulikuwa na nokoa, na chini ya nokoa kulikuwa na kadamu. Wote watatu walipanga kazi, walipima karafuu na waliamuru watu, na hakuna kati yao aliyekuwa na mkarafuu hata mmoja kwa cheo hicho. Anayesimamia husimama mahali pa mtu mwingine. Mahakama ilipomteua kaka yako ilimpa nafasi ya kusimama hapo, na haikumpa nyumba.

Mimi mwenyewe nimeketi katika kikao cha ukoo ambapo ndugu mmoja, msimamizi wa mirathi ya mtu wetu mpendwa, aliombwa maelezo ya kodi ya vyumba vinne kwa miaka mitatu. Aliingia ndani, akarudi na mfuko wa rambo, akaumwaga mkekani. Zilikuwa risiti za saruji, za luku, za daladala, na moja ya suruali. Alisema, "Hesabu hizo hapo," akaondoka kwenda kuswali. Tulizipanga mpaka taa zikawashwa, na kila tulipopata jumla, shangazi aliizungushia duara kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari la mjukuu wake, kwa kuwa hatukuwa na karatasi nyingine. Daftari hilo ndilo lililofika mahakamani, na hakimu alilisoma.

Sasa sheria. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, msimamizi aliyeteuliwa anapaswa kuwasilisha mahakamani orodha ya mali na madeni ya marehemu ndani ya miezi sita, na hesabu ya jinsi alivyoikusanya na kuigawa mali hiyo ndani ya mwaka mmoja, isipokuwa mahakama imemwongezea muda. Kama uteuzi ulifanyika Mahakama ya Mwanzo, muda wa kuleta orodha ni mfupi zaidi, miezi minne, kwa Fomu Namba 5, na hesabu huletwa kwa Fomu Namba 6 kwa vipindi ambavyo mahakama imepanga. Nenda kwenye masjala ya mahakama iliyomteua ukiwa na namba ya shauri la mirathi, uombe kuona kama fomu hizo zimo kwenye jalada. Kama hazimo na muda umepita, nyinyi warithi mnaweza kuiomba mahakama imwite azilete, na asipoleta mnaweza kuomba uteuzi wake utenguliwe. Andikeni majina ya warithi wote kwenye ombi hilo, hata ya yule mdogo aliyeko masomoni, na mwende na nakala ya barua ya uteuzi, ambayo kwa kawaida kaka yako ndiye anayeishika lakini ambayo masjala inaweza kuwapa nakala yake.